Tuta Lisilotakiwa Kumwagiliwa

Mstari wa unyevu kwenye kompyuta ulikataa kushuka. Dorine aliutazama tangu asubuhi, ofisini kwake Songea mjini, mpaka macho yakamuuma.

Alikuwa akitengeneza programu ya kukadiria jinsi maji yanavyopungua ardhini, ili wakulima wa Mpitimbi wajue siku ya kumwagilia bila kubahatisha. Kwa kazi hiyo alihitaji tuta moja la maharage liachwe bila maji hadi yanyauke. Mzee Amedeus alimpa nafasi shambani kwake bondeni, naye Dorine akafukia vipima unyevu vinavyotuma vipimo hadi kwenye kompyuta yake. Sasa programu ilisema udongo umekauka, vipima vikasema bado una maji.

Alibadilisha hesabu za udongo. Akabadilisha za jua na upepo. Kipima kimoja alikwishaenda kukifukua shambani, akakisafisha, akakirudisha. Valence, waliyekaa naye ofisi moja, alimwambia labda programu yenyewe ni mbovu. Nusura amrushie kikombe cha chai.

Mwishowe alipanda bodaboda hadi Mpitimbi bila kupiga simu. Alimkuta mzee ameinama na ndoo juu ya lile tuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee aliweka ndoo chini. "Ni kidogo tu, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu majani yaanze kujikunja. Sijawahi kuacha mmea ufe na maji ninayo. Nilishindwa."

"Ulimwaga kiasi gani, baba? Siku zipi? Nikijua, naweza kuokoa hata nusu ya vipimo."

"Ah! Nilikuwa namwaga tu."

Dorine akageukia mfereji. Msimu mzima ulikuwa umepotea, na mvua zilikuwa karibu. Alitaka kupiga kelele, lakini angempigiaje kelele mtu wa umri ule, tena kwa kosa la kuyahurumia maharage? Aling'oa vipima kimoja kimoja huku machozi ya hasira yakimtoka. Mzee alimsaidia kuchimba.

Kiangazi kilichofuata Dorine alirudi. Mzee Amedeus alikubali tena, ila kwa sharti: tuta liwe ng'ambo ya kilima, asikopita yeye.

Huko udongo ulikuwa wa kichanga, tofauti kabisa na wa bondeni. Dorine aliufikicha kiganjani, akashusha pumzi. Hesabu zote ilibidi zianze upya.

"Sawa, baba," alimwambia mzee, aliyemsindikiza kumwonyesha mahali.