Urembo wa Nyumba ya Kantengwa

Kalume alifika Misiera, kijiji kimoja cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Jumamosi asubuhi akiwa na mfuko wa maua ya plastiki. Kabla hajaigusa chai aliyowekewa, alikwisha kuitazama nyumba ya mama mkwe wake kwa jicho la daktari aliyekata tamaa.

Huko mjini Mbarara, Kalume alifanya kazi kwa dalali wa nyumba. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba funguo na kuwafungulia wateja milango, lakini inaonekana mtu akibeba funguo za wengine kwa muda wa kutosha, elimu humpanda kupitia kiganja. Hakukuwa na swali la nyumba lililomshinda.

Kantengwa hakuwa amemwomba elimu hiyo. Alikuwa mjane, na binti yake Sonia, mke wa Kalume, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa tatu. Walikubaliana kwamba bibi ahamie Mbarara, na nyumba ya kambini iuzwe. Ardhi haikuwa yake, hilo kila mtu Nakivale alilijua. Kilichouzwa ni kuta, mabati na milango, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mwaka huo wa 2012 watu walikuwa wakimiminika kutoka Kongo, na nyumba iliyosimama haikukosa wa kuiulizia. Kuta hizo alizisimamisha marehemu mumewe, Kabanda, walipotoka kituo cha mapokezi cha Kabazana, wakaonyeshwa kichaka na kuambiwa, haya, kwenu ni hapa.

"Mama, pole kusema," Kalume alianza, "lakini hii nyumba inanukia maziwa."

"Ni nyumba ya mufugaji, mwanangu. Ulitaka inukie petroli?"

"Batu ba siku hizi banapenda nyumba yenye hainukii kitu."

Basi vibuyu vya maziwa vikahamishiwa kwa jirani, Mukamazimpaka. Kuku wakafuata. Kisha masufuria, kwa sababu yalikuwa meusi, na masufuria meusi, kwa mujibu wa mtaalamu, humkumbusha mnunuzi kwamba atakuja kupika. Kuta zikapakwa chokaa. Ufa uliotoka dirishani hadi sakafuni ulifunikwa kwa picha kubwa ya mlima wenye theluji, kana kwamba theluji ndicho kitu watu wa Misiera walichokuwa wakikililia miaka yote. Chumbani, Kalume alitandaza shuka jeupe chini ya mabati, akaliita dari. Juu ya dari hiyo kulikuwa na bati bovu ambalo Kabanda aliliziba kwa debe la mafuta ya msaada alilolipiga bapa kwa nyundo.

"Na mvua ikinyesha?" Kantengwa aliuliza.

"Mama, tuombe isinyeshe."

Kantengwa alikuwa Mprotestanti wa kweli, lakini aliona Mungu ana kazi nyingine.

Picha ya Kabanda nayo ikashushwa ukutani. Mnunuzi akiona picha ya marehemu, Kalume alieleza, ataanza kujiuliza alifia fasi gani.

"Alifia hospitali, Mbarara."

"Ndiyo, lakini yeye hatajua."

Kantengwa aliifunga picha kwenye kitenge. Kalume alisimama katikati ya sebule, akapuliza marashi pembe zote, akapiga chafya, akatabasamu.

"Kumebaki kitu kimoja tu, Mama."

"Nini tena?"

"Ni wewe."

Ndivyo mwenye nyumba alivyojikuta uani kwa Mukamazimpaka, katikati ya masufuria na kuku wake mwenyewe, akimenya maharagwe yasiyokuwa yake.

Wanunuzi walikuja mchana: Bienfait, muuza vitenge aliyetokea upande wa Uvira, na mkewe Georgette, mtoto mgongoni. Kalume aliwapokea mlangoni kama balozi. Kutoka uani Kantengwa alisikia maneno kama "hewa safi" na "mandhari". Muda si mrefu Georgette akatoka peke yake, akavuka njia, akaja moja kwa moja kwa wale wanawake wawili.

"Shikamoo ba mama. Nyiye ni majirani?"

Mukamazimpaka alifungua kinywa. Kantengwa alimkanyaga mguu.

"Ni sisi," Kantengwa akasema. "Kaa, mwanangu."

"Ule kijana anasema mambo mingi. Mimi niko na batoto bane. Niambieni ukweli: ile nyumba iko namna gani?"

Kantengwa aliweka maharagwe chini. Tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu nyumba hiyo.

"Inavuja," alisema. "Chumbani, upande wa miguu ya kitanda, kushoto. Vuta lile shuka utaona. Nyuma ya ile mulima ya barafu kuna ufa. Haukui, lakini uko. Choo kitajaa mwaka kesho. Upepo wa ziwani unaingia na dirisha la nyuma, uweke rido nzito."

"Eh! Na uzuri hakuna?"

"Uko. Ukuta wa jikoni unabaki na joto mpaka asubuhi, mutoto mugonjwa umulaze pale. Maji ya mvua hayaingii mulangoni, aliyejenga aliinua msingi, watu wakamucheka. Na huyu jirani hapa hasemi mingi, lakini ukiugua atakuja mbele ya ndugu zako."

Mukamazimpaka aliinamia maharagwe.

"Na mwenyewe ni mutu wa namna gani?" Georgette aliuliza.

"Mukaidi," Kantengwa alijibu. "Lakini anamwachia mukwe wake amufukuze kwake."

Georgette alimtazama kidogo, akashukuru, akarudi. Kelele zilifuata. Shuka lilivutwa likaanguka, na mlima ukashuka ukutani na theluji yake. Kalume alitoka nje uso umemwiva.

"Mama! Nani amebaambia?"

"Jirani," Kantengwa alisema.

Georgette alitoka nyuma yake, akicheka. "Jirani anaweza kujua bati linavuja," alisema. "Lakini kujua ni upande gani wa kitanda! Mama, karibu kwako. Njo tuongee wewe na mimi, huyu apumuzike."

Waliongea. Bienfait alitaka kusitasita kama wanaume wanavyotakiwa, lakini mkewe alikwisha kuchagua ukuta wa jikoni. Sharti lake lilikuwa moja: bati jipya chumbani kabla hawajahamia. Jumatatu iliyofuata mtaalamu wa nyumba alionekana juu ya paa, suruali yake ya Mbarara imechanika gotini, akigongelea misumari huku mama mkwe akimwelekeza kutoka chini. Mjini alisimulia kwamba ni ile picha ya mlima iliyoiuza nyumba. Hakuna aliyembishia.

Siku ya kuondoka, Kantengwa aling'oa lile debe bapa kwenye bati bovu lililoshushwa paani, akidhani atalitupa. Alilishika mikononi, akaona alama za nyundo ya Kabanda, akaenda nyuma ya nyumba na kulia kwa sauti. Mukamazimpaka alikuja akasimama kando yake mpaka alipomaliza. Kisha wakafunga mizigo.

Sonia alijifungua wiki iliyofuata, msichana mwenye mapafu mazuri sana, na hakuna aliyepata nafasi ya kulala wala kuzungumzia nyumba.