Helmeti za Wageni

Soja wa getini alimtazama Nakhumicha kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kwenye ndara zake, kisha akatikisa kichwa.

"Huwezi ingia hivyo, mama. Hii ni saiti. Lazima helmeti."

"Mimi hata sikuji kazi. Nimekuja kuchukua Wakoli."

Wakoli alikuwa mochari, na soja alilijua hilo. Siku nne zilizopita alikuwa akichimba mtaro wa maji taka hapa Kitale, kichwa wazi, jiwe likaporomoka kutoka ukingoni likampata kisogoni. Kesho angezikwa kwao Kamukuywa. Lakini katika ukoo wao aliyefia kazini huitwa kwanza pale alipoangukia, aitwe na mzazi wake, roho yake ibebwe kwa tawi, ndipo arudi nyumbani na mwili wake. Asipoitwa hubaki huko. Nakhumicha aliimba kwaya na kuamini ufufuo, lakini hakuwa mtu wa kumwacha mwanawe ndani ya mtaro wa mavi.

Kiptum, msimamizi, alitoka kwenye ofisi ya mabati. Alikuwa mpole, na upole huo ulimuudhi Nakhumicha kuliko matusi.

"Pole sana, mama. Lakini Ijumaa mheshimiwa anakuja kufungua mradi. Hapo tunafukia leo. Hii ni maendeleo, ni yetu sisi wote."

"Nipe dakika tano tu. Na hiyo tingatinga inyamaze kidogo, asikie."

"Tingatinga haiwezi zimwa. Dakika tano, sawa. Mpe helmeti."

Zilikuwa kumi, nyeupe, zimetundikwa ukutani zikiwa bado ndani ya nailoni za dukani. Karatasi juu yake iliandikwa WAGENI. Soja alitoa moja, akamvisha, akamfunga kamba kidevuni kama mtoto wa nasari.

Mtaro ulikuwa umefukiwa karibu wote. Wakhungu, aliyekuwa akichimba pamoja na Wakoli, alionyesha mahali kwa jembe.

"Ni hapa, mayi. Hapa tu."

Akainama upesi, asije msimamizi akamwona akiongea na mfiwa. Alivaa kofia ya sufu. Vibarua wenzake nao walivaa kofia za sufu, na wengine hawakuvaa kitu.

Nakhumicha aliinua tawi alilotoka nalo nyumbani. "Wakoli, baba! Ni mayi wako, mama yako. Twende nyumbani!"

Tingatinga likanguruma, likamwaga udongo. Akaita tena kwa nguvu zote. Helmeti ilimteremkia machoni, na katika kelele zile hata yeye mwenyewe hakujisikia. Mara ya tatu alilia tu.

"Dakika zimeisha, mama," Kiptum alisema.

Alitoka amelishika tawi kwa mikono miwili, asijue kama amembeba mwanawe au amebeba majani matupu. Alikuwa ameshavuka barabara soja alipomfikia mbio.

"Mama! Hiyo helmeti ni ya kampuni! Ni ya Ijumaa!"

Akasimama, akafunguliwa kamba. Soja aliifuta helmeti vumbi na machozi kwa mkono wa shati, akairudisha ndani ya nailoni yake, akaitundika msumarini. Zikawa kumi tena.