Binti Aliyejaza Diski

Mshona sare za shule alisukuma cherehani pembeni, akaiwasha laptopi, kisha akaendelea kushona kola zake kwa mkono, maana aliijua: mpaka iamke, shati linakuwa limekwisha. Leo binti yake wa pekee angepiga. Binti huyo yuko nchi za watu, anamtunza mama mzee wa tajiri mmoja, na leo angesema kama amepewa ruhusa ya kuja nyumbani. Mara iliyopita laptopi iliganda, mama akabaki anaongea na uso uliokwama mdomo wazi. Hataki hayo tena.

Akamwita mtoto wa dada yake, fundi wa kompyuta mwenye kipara na mdomo usiopumzika. Fundi akabofya hapa na pale, akaguna. Diski imejaa pomoni, na mlaji mwenyewe ni kivinjari: kinasoma na kuandika bila kuvuta pumzi, kwa sababu kila ukurasa wa simu aliyowahi kupiga binti ulikuwa bado wazi.

"Mama mkubwa, mbona hufungi?"

"Nimfungie mwanangu mlango usoni?"

Fundi akaendelea na kazi huku mdomo ukienda. Akakizuia kivinjari kisirudishe kurasa za zamani kila kikiwashwa, akafuta mabaki ya video, kisha akaanza kufunga kurasa mojamoja. Kila ukurasa aliofunga, binti aliyekuwa ndani yake alitoka, akatafuta pa kukaa. Mwenye nywele fupi alikaa kwenye kochi. Mwenye mafua alikaa dirishani, mama akalifunga dirisha. Kochi lilipojaa waliofuata wakakaa juu ya marobota ya vitambaa. Wote walitoa shikamoo, na mama akamwitikia kila mmoja peke yake, maana mtoto wako humwitikii kwa jumla. Fundi aliwaomba tu wasikanyage waya.

Kila mmoja alisema alichosema siku yake: mama, mwezi ujao nakuja. Mama, safari hii hawakatai. Mama alifurahi, wala hakuficha. Akawagawia vifungo na sindano, akawatania kwamba wingi wote huo na vyombo bado vichafu.

Laptopi sasa ilikuwa nyepesi kama mpya. Simu ikaingia, picha safi, hakuna kukwama. Ndipo mama alipoona vizuri jinsi binti alivyokonda.

"Wamekataa, mama. Wanasema mzee wao hakubali mtu mwingine."

Mama moyo ulimuuma. Kisha akaigeuza laptopi taratibu, chumba kizima kionekane. Binti akawatazama wenzake wakishona vifungo, akamtambua wa mafua, akasema huyo apewe maji ya moto, akishikwa huwa hakawii kuzidiwa.

"Tumefika wote?" akauliza.

"Wote, mwanangu. Umebaki wewe tu."

Huko kwa watu kengele ikalia. Binti akaaga, akaenda kumgeuza yule mama wa tajiri kitandani.