Mapigo Mia na Sitini

Moyo wangu ulianza visa mwezi wa pili, zimebaki wiki sita tu kabla ya mbio za wazee hapa Tabora. Nina miaka sitini na saba, nimestaafu reli, sijawahi kuvuta hata sigara moja, na tangu Apolinaria wangu afariki, kukimbia ndiyo kazi pekee iliyonibakia. Sasa kwenye fomu ya mbio kuna sehemu ya daktari. Asiposaini, hukimbii.

Mambo yalikuwa hivi. Kwenda, kutoka nyumbani Chemchem kushika barabara ya Sikonge, saa ya mkononi aliyonitumia binti yangu Agnetha kutoka Dar ilisoma mapigo mia na kumi na nane kwa dakika. Safi. Kurudi, mwendo uleule, mia na sitini. Kichwa kinazunguka, kichefuchefu juu. Jumapili, njia ileile, moyo umetulia kama hauna habari. Nikapimwa damu, nikafungwa nyaya kifuani, wakaniambia sina ugonjwa. Basi nani alikuwa anapiga ngoma humu ndani?

Katikati ya kwenda na kurudi kuna shamba la Yustina. Sikulitaja kwa daktari kwa sababu sikuona linahusu nini. Asubuhi wanachuma tumbaku, yeye, mkwewe Flavia na kibarua wao Masolwa, na mtu mwenye adabu hawezi kuwapita watu wameinama akapunga mkono tu kama mbunge. Unaingia mstarini, unasaidia, na humohumo mnasalimiana. Basi kila siku, isipokuwa Jumapili wanapokwenda kanisani, nilikumbatia mizigo ya majani yenye umande nikaipeleka kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia, fulana imelowa chapachapa. Masolwa ananitania kwamba mtu mzima anayekimbia bila kufukuzwa ana lake jambo. Flavia ananigombeza, "Baba, hayo hayajaiva, acha!" Nitasema ukweli: hao ndio watu pekee niliozungumza nao kutwa nzima. Nyumbani nazungumza na redio.

Wiki ya tatu nikaenda zahanati nyingine, kwa tabibu kijana aitwaye Shamila. Hakugusa kifua. Alishika mikono yangu, akaitazama gundi nyeusi kwenye vidole.

"Mzee, unachuma tumbaku?"

"Nasaidia tu."

"Ikiwa na umande?"

"Sasa majani ya asubuhi yakose umande, mwanangu?"

Akacheka, kisha akaacha. Kwao ni Sikonge, alisema, na anawajua wachumaji wanaotapika bila homa. Sumu ya tumbaku inapita kwenye ngozi iliyolowa, na asiyevuta inamkamata vibaya zaidi. Kwa umri wangu ni hatari. "Usiyaguse tena, wala usiingie mstarini. Jumatatu ijayo nakupima. Mapigo yakitulia, nasaini."

Nilitoka pale mwepesi kabisa. Kesho yake nikasimama pembeni ya shamba, mikono nyuma, nikawaeleza. Yustina akasema pole sana, akamtuma Flavia nyumbani. Flavia akarudi na kiti cha plastiki, kile cha wageni, akakipangusa kwa kanga, akakiweka kwenye kivuli cha bani. "Karibu uketi, mzee." Mzee. Juzi tu nilikuwa baba. Wakarudi mistarini, maana tumbaku ikiiva haingoji mtu. Nikawasikia wanacheka kule mbali, sikusikia wanacheka nini. Nikakaa dakika ishirini kama bwana shamba aliyekuja kukagua. Mapigo sabini na mbili.

Siku zilizofuata nikapita upande wa Kwihara, njia ya zamani ya misafara, nisiwasumbue watu na viti. Mia na kumi na nane kwenda, mia na kumi na nane kurudi. Siku nne sikufungua mdomo ila kumwambia muuza mkate, "Mmoja." Agnetha akapiga simu, alikuwa ameyaona mapigo kwenye simu yake, maana saa ile humpelekea hukohuko Dar. "Baba, moyo umetulia kabisa. Unajisikiaje?" Nikamwambia vizuri. Akasema ana kikao, atapiga baadaye. Nikakaa kitandani, upande wa mama yake, nikalia. Sioni haya kulisema.

Jumatatu ya kipimo nikashika barabara ya Sikonge. Yustina aliponiona akamwita Flavia alete kiti. Nikamwambia akiache. Nikaingia mstari wa tatu, nikakumbatia majani mpaka maji yakatiririka tumboni.

"Na daktari?" Masolwa akauliza.

"Amesema niko sawa. Sogea, unachuma kama unayabembeleza."

Akacheka. Flavia akapokea mzigo wangu mlangoni pa bani. "Baba," akasema, "ulitupotea."

Saa nne Shamila akanipima: mia na thelathini, na nimekaa kitini. Akaitazama mikono yangu, akanirudishia fomu bila kusaini. Sikumlaumu. Nikaikunja, nikamuuliza kama amesikia kesho mvua itanyesha, maana tulikuwa tumebakiza mistari minane.