VPN Imegoma Siku ya Harusi

"Gilda, hii takataka uliyoniuzia asubuhi haishiki!"

Ndivyo Purandokht alivyoingia saluni, bila hodi wala salamu, saa tisa kamili alasiri. Alikuwa amevaa gauni la zambarau, viatu vya kisigino na dhahabu zote alizoachiwa na marehemu mumewe, na mvua ya mji wa Rasht ilikuwa imemlowesha mabega. Akavua mtandio, akautundika, akaitupa simu mezani kati ya chupa za rangi ya nywele. Wateja watatu waliokaa vitini, vichwa vimefungwa foili za kutilia rangi, waligeuka wote kwa pamoja.

Gilda hakushtuka. Mwanamke wa miaka arobaini na mitano anayeshinda na wateja kutwa hashtuki ovyo.

"Bi Puran, kwanza hongera ya harusi. Pili, hiyo unayoiita takataka ndiyo VPN nzuri kuliko zote nilizowahi kuuza. Lete nione."

Na mtu asije akashangaa kwamba msusi anauza VPN, hizo programu za kupenya mitandao iliyofungwa. Pale mjini nani hauzi? Muuza mboga anauza, fundi viatu anauza, na mwalimu wa hesabu wa mtaa wa pili anauza na kusumbuliwa na wateja kuliko alivyowahi kusumbuliwa na wanafunzi. Wakubwa wamefunga kila mtandao ambao watu wanautumia kuongea na watoto wao walioko nje. Wakubwa wanaziba, watu wanatoboa, na kesho yake wanaanza tena. Gilda alikuwa na miaka mitano ya kutoboa, mkono mmoja kwenye brashi na mwingine kwenye simu, na hajawahi kumwacha mteja njiani.

Lakini siku hiyo haikuwa ya mchezo. Taraneh, mtoto pekee wa Puran, alikuwa anaolewa huko Sweden saa tisa na nusu, na mama yake hayupo. Si kwamba hakutaka kwenda, jamani. Alipanga foleni ubalozini mara mbili kuomba viza. Alipeleka hati ya nyumba, karatasi za pensheni yake ya ualimu, mpaka picha ya kaburi la mumewe, wakamjibu kwa mistari miwili kwamba hawaamini kuwa atarudi kwao. Asirudi kwake akakae wapi? Puran aliisoma ile barua, akaichana vipande vipande, akatoka akaenda kununua gauni. Kama hawanitaki kwa miguu, alisema, nitakwenda kwa simu.

Na kwenda ilikuwa lazima. Kwa ada yao, bibi harusi anaulizwa mara tatu kama amekubali. Mara ya kwanza ananyamaza, wanawake wanamjibia kwamba amekwenda kuchuma maua. Mara ya pili ananyamaza tena, wanasema amekwenda kuleta maji ya waridi. Ya tatu ndiyo anafungua kinywa, na hasemi ndiyo kavu kavu. Anasema, "Kwa ruhusa ya baba yangu na mama yangu, ndiyo." Baba yake Taraneh yuko kaburini mwaka wa nne sasa. Ruhusa yote imebaki mikononi mwa Puran, na Puran hana mtandao.

"Umejaribu kuzima na kuwasha?" Gilda aliuliza.

"Nimezima, nimewasha, nimeifuta, nimeipakua upya, nimeitukana."

"Kwa bando au kwa Wi-Fi ya nyumbani?"

"Kwa vyote viwili."

"Na kupiga simu ya kawaida?"

"Inalia mara tatu inakata. Wiki ya pili hii. Gilda, usiniulize maswali kama mhudumu wa kampuni ya simu, fanya kitu!"

Gilda alibonyeza kitufe cha kuunganisha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha maandishi mekundu: imeshindikana. Akachomoa simu yake mwenyewe mfukoni mwa aproni, akajaribu. Imeshindikana. Mteja wa kiti cha kwanza akajaribu yake, na wa pili, na wa tatu. Wote walikuwa wamenunua kwa Gilda wiki hiyo hiyo. Mekundu, mekundu, mekundu.

"Mimi nilidhani ni kwa sababu ya mvua," mmoja alisema.

Hapo sauti nzito ikasikika kutoka nje, nyuma ya pazia la mlangoni. Ilikuwa ya Fereidun, kaka mkubwa wa Puran, aliyemleta kwa gari. Saluni ya wanawake mwanamume haingii, kwa hiyo alikuwa amesimama barazani na mwavuli wake.

"Dada! Achana nayo hiyo! Si watarekodi? Utaitazama kesho kwa raha zako, na chai mkononi!"

"Fereidun, mimi nilizaa binti, sikuzaa video!"

"Nasema tu. Kinachoshindikana kimeshindikana."

"Kimeshindikana kwako wewe uliyezoea kushindwa! Nyamaza huko!"

Vichwa vya foili vikacheka. Puran hakucheka. Simu yake ilikuwa imelia, meseji imepenya sijui kwa njia gani, kutoka Sweden: Mama, tunaanza. Ukumbi tunatakiwa tuuache saa kumi na nusu yenu. Uko wapi? Aliisoma, akajibu, na jibu likakataa kwenda. Akajibu tena, likakataa tena. Machozi yalimlenga, akayafukuza kwa hasira. Alikuwa ameapa kwamba hatawalilia wenye ubalozi wala wenye kuziba mitandao, na kiapo chake hakikuwa cha mchezo.

Gilda akampigia aliyemuuzia akaunti zile, mtu wa Tehran, akaweka sauti wazi ili wote wasikie.

"Seva yangu nzima kabisa, dada," yule mtu alisema huku akitafuna kitu. "Wateja mia mbili wako ndani sasa hivi wanakula raha. Tatizo liko kwenu huko."

"Kila siku tatizo liko kwetu! Simu tano hapa haziingii!"

"Nitajie jina la akaunti mojawapo." Gilda akataja ya Puran. Vidole vikasikika vikigonga. "Hii? Dada, unanitania? Hii ni akaunti ya mtu mmoja, na mtu huyo yumo ndani tangu saa nane."

Saluni nzima ikamtazama Puran.

"Mimi ndani? Ningekuwa ndani ningekuwa hapa nawapigia kelele?"

"Umempa nani namba za kuingilia, Bi Puran?" Gilda aliuliza taratibu.

Puran akageukia pazia.

"Fereidun."

Viatu vikasikika vikirudi hatua moja barazani.

"Fereidun! Asubuhi nilikutumia ile akaunti unihifadhie. Umeifanya nini?"

"Nilikuwa naionja tu, dada. Nihakikishe kama ni nzima."

"Tangu saa nane?"

"Kuna mechi ya voliboli."

Ee Mola. Puran alipenyeza mkono chini ya pazia, kiganja wazi, na simu ikawekwa juu yake bila ubishi. Kweli, ilikuwa imeunganishwa, wachezaji wanaruka juu. Akaifunga mechi, akapiga namba ya Taraneh anayoijua kwa moyo. Haikulia hata mara moja. Akapiga tena. Wapi!

"Amekublok," Puran alisema.

"Nani?"

"Taraneh. Tangu siku ile ulipomwandikia kurasa mbili kuhusu picha yake, kwamba hakujifunika, nywele zinapepea. Miaka mitatu sasa. Hukujua?"

"Mimi? Mjomba wake?" Sauti nyuma ya pazia ilipungua ghafla. "Nilidhani ana kazi nyingi."

Puran akapiga namba ya bwana harusi. Hiyo ililia mpaka ikachoka. Nani anapokea simu siku anayooa? Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika tano. Huko wameshauliza mara tatu, alifikiri, wameshamaliza, mwanangu ametaja ruhusa yangu na mimi niko hapa nagombana na kaka yangu kupitia kitambaa. Akavuta kiti, akakaa.

Gilda alikuwa ameshika simu zote mbili, ya Fereidun na ya Puran, moja kila mkono, macho yanakwenda huku na huku.

"Bi Puran. Mbona hii ya kaka yako inasema saa kumi na moja kasoro tano?"

"Kwa sababu ni mvivu. Sote tumerudisha saa za simu zetu, yeye peke yake hataki."

"Sikuisogeza mimi!" Fereidun alifoka toka nje. "Wao ndio waliofuta ile desturi ya kusogeza saa, simu ya zamani haikupata habari, ikaruka mbele yenyewe. Kwa nini nihangaike mimi? Kila ninapoitazama natoa saa moja kichwani, basi!"

Alikuwa anasema kweli. Kila majira ya kuchipua, simu za zamani nchini hujisogeza saa moja mbele kwa mazoea, na kila nyumba hukaa ikazirudisha kwa mkono. Puran alikuwa amerudisha yake. Gilda alikuwa amerudisha yake, na za wateja wake kumi na wawili kama hisani.

Gilda akajipiga kofi kwenye paji la uso, rangi ya nywele ikabaki hapo.

"Mama yangu wee! Ni saa! Ni hizi saa!"

"Saa zimefanya nini?"

"Seva haitazami simu imeandika nini usoni. Inahesabu kwa saa ya dunia, ndani kwa ndani. Sisi tulipozirudisha kwa mkono tumeharibu hesabu ya ndani. Inatuona tunatoka saa nzima iliyopita, inatutilia shaka, inatufungia. VPN za zamani hazikujali. Hii inajali."

"Yaani sisi wenye saa ya kweli tumefungiwa, na huyu mwenye saa ya uongo anatazama voliboli?"

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Nchi hii!" Puran alisema, akasimama wima. "Rudisha uongo. Haraka."

Gilda akaingia kwenye mipangilio, akaiachia simu ijipangie saa yenyewe. Saa kumi ikageuka saa kumi na moja. "Mjomba, toka kwenye akaunti!" alipaza sauti, akimrushia Fereidun simu yake chini ya pazia. "Nimetoka! Nimetoka, dada yangu, wallahi nimetoka!" Kitufe. Kiduara kikazunguka mara moja, mara mbili, kikawa kijani.

Puran akampigia Taraneh kwa video. Mtu aliyemshikia simu akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

Kwanza alisikia kelele. Kisha picha ikatulia: kioo, mishumaa, sahani za pipi, na katikati Taraneh na mumewe wakiwa chini ya kitambaa cheupe, wanawake wanne wakisugua vibonge vya sukari juu yao ili ndoa iwe tamu, mikono imechoka. Mfungishaji ndoa, rafiki yao mwenye ndevu, alikuwa amekauka koo.

"Kwa mara ya kumi na nne nauliza, bibi harusi, je, umekubali?"

"Bibi harusi amekwenda kupanga foleni ubalozini!" ukumbi ukapiga kelele, wenyeji wa kule nao wakifuatisha maneno wasiyoyajua. "Bibi harusi amekwenda kutafuta VPN!"

Taraneh alikuwa amekunja uso na kufunga midomo, vile vile alivyokuwa akiifunga utotoni alipokataa uji. Walikuwa wamemsihi, hilo lilionekana wazi. Nyuma yake watu wawili wenye sare walikuwa wanabeba viti kimoja kimoja. Hakuwa amefungua mdomo tangu saa tisa na nusu.

"Taraneh!" Puran aliita.

Yule binti akageuka, na ule uso wa ukaidi ukabomoka wote.

"Mama! Mama, uko wapi wewe?"

"Niko hapa. Nilikwambia nitakuja, si nimekuja?"

"Alhamdulillahi," mfungishaji alisema, akijifuta jasho. "Haya, kwa mara ya mwisho basi—"

"Simama hapo hapo! Ya mwisho ya nani? Mimi hata ya kwanza sikuisikia. Anza upya."

"Bi mkubwa, wenye ukumbi wanachukua viti."

"Wachukue. Mwanangu amekalia kimoja tu, hicho wasikiguse."

Akaanza upya, angefanyaje? Alipouliza mara ya kwanza, vichwa vya foili vya Rasht vilijibu kabla ya ukumbi wa Sweden: amekwenda kuchuma maua! Alipouliza mara ya pili, sauti nzito ya mwanamume ilitangulia wote, kutoka nje kwenye mvua: amekwenda kuleta maji ya waridi!

"Huyo ni mjomba?" Taraneh aliuliza, anacheka na kulia.

"Ndiye. Tutamjadili baadaye. Jibu swali."

Mara ya tatu ukumbi ukanyamaza, na saluni ikanyamaza.

"Kwa ruhusa ya marehemu baba yangu," Taraneh alisema akimtazama mama yake, "na kwa ruhusa ya mama yangu—"

"Unayo!" Puran alisema. "Unayo yote!"

"—ndiyo."

Vigelegele vilipigwa pande zote mbili mpaka chupa mezani zikatetemeka. Gilda alimkumbatia Puran na rangi yake yote, na gauni la zambarau likapata doa ambalo hakuna aliyelijali. Kule mfungishaji akafungua daftari, akaanza kuwaita walioshuhudia waje kuandikwa majina.

"Na mimi niandike," Puran alisema.

"Bi mkubwa, hapa tunaandika waliohudhuria tu. Waliopo."

"Nimekataliwa na ubalozi, nimezibiwa mtandao, saa yangu imenigeuka, na ndugu yangu amenilia akaunti. Na bado niko hapa, nakuona, unaniona. Shika kalamu. Andika: mama wa bibi harusi, alikuwepo."

Yule mwanamume alimtazama Taraneh, Taraneh akamwonyesha kalamu kwa macho. Mfungishaji akaandika, na Puran akamtajia jina lake herufi moja moja mpaka likaisha.