Utepe Uliokazwa

Mbinya alifika kanisani Kalamba na chakula cha mchana cha binti yake, akakuta foleni imevunjika na akina mama wananung'unika. Pakiti za lishe ya karanga zilikuwa zimekwisha.

Ndinda, binti yake wa miaka ishirini, alikuwa bado ameshika utepe wa kupimia mikono ya watoto. Kijani, mtoto ni mzima. Njano, aangaliwe. Nyekundu, apewe pakiti. Mbele yake alisimama mzee Nthiwa, aliyetembea tangu alfajiri akiwa na mjukuu mgongoni. Mkono wa mtoto ulikuwa kama ufito. Utepe ulikaa kwenye nyekundu bila kuvutwa.

"Si umesema nyekundu?" mzee aliuliza. "Nyekundu si ndiyo hupewa?"

"Ndiyo, babu."

"Basi?"

Ndinda akamwonyesha katoni tupu.

Leyla, nesi aliyewasimamia vijana wa kujitolea, alipekua daftari. "Sielewi. Hizi zilikuwa za mwezi mzima, na ni wiki mbili tu. Zingine zitatoka mjini Wote Ijumaa."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mbinya yeye alielewa.

Siku Ndinda alipovaa kizibao cha shirika linaloleta pakiti mara ya kwanza, Mbinya alimwambia jikoni: "Wifi yangu Kasyoka hana kitu. Ukifika kwa mtoto wake, kaza utepe kidogo, usome nyekundu. Nani ataona?"

"Mama, kwa mafunzo walitukataza."

"Mafunzo hayakukulea. Shangazi yako alikulea."

Ndinda akakaza. Na huyo ndiye msichana aliyekaa nyumbani miaka miwili baada ya shule, ambaye sasa jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watakaoajiriwa na shirika hilo Kitui mwezi wa kwanza.

Mbinya aliweka chakula chini, akaenda kwa Kasyoka mbio mbio. Akawakuta wavulana wakubwa wa nyumba ile mlangoni, wanapaka pakiti kwenye chapati.

"Wifi, karibu! Umetuletea zingine?"

"Nimekuja kuchukua zilizobaki. Mtoto wako hakuwa mwekundu. Tulimfanya mwekundu."

Kasyoka alicheka, cheko lisilo na furaha. "Kwani ni mimi peke yangu? Uliza huyo msichana wako amekazia wangapi. Kila mama anamwambia, 'Nikazie kama ulivyomkazia shangazi yako.' Ulipika, Mbinya, ukadhani harufu itabaki jikoni kwako."

Mbinya aliokota pakiti nane zilizobaki, akazifunga kwenye leso.

"Zimetoka wapi?" Leyla alimuuliza aliporudi kanisani.

"Kwa wifi yangu. Ni mimi nilimwambia huyu akaze utepe. Kama ni lawama..."

"Mama, nyamaza," Ndinda alisema. Hakuwa amewahi kumwambia hivyo. "Wa kwanza alikuwa wako. Hao wengine kumi ni wangu. Walisema wana njaa, nikashindwa kukataa."

"Kila mtu hapa ana njaa," Leyla alisema. "Ndiyo maana tuna utepe. Vua kizibao. Kesho tunapita nyumba zote kumi na moja, upime upya mbele yangu. Jina lako la Kitui nitalifuta."

Ndinda alivua, akakikunja vizuri kama cha kuazima.

Leyla alimpa mzee Nthiwa pakiti zote nane. Mzee aling'ata kona ya moja, akamkamulia mjukuu mdomoni. Mtoto alinyonya polepole, akameza. Nane zingemfikisha Ijumaa, Leyla alisema, kama ndugu zake nyumbani hawangegawiwa.

Asubuhi Mbinya alifuatana nao, ingawa hakuna aliyemwita. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Kasyoka. Alikuwa amesimama langoni, mtoto kiunoni, mkono wa shati umeshapandishwa.

"Haya, pimeni. Lakini wewe Mbinya usijifiche nyuma ya watu. Kuja hapa, ushike huu mkono, na utwambie rangi kwa mdomo wako."

Mbinya akaushika. Ulikuwa mwembamba kuliko alivyofikiri. Ndinda akazungusha utepe, taratibu, bila kukaza.

"Njano," Mbinya alisema.

"Na njano hupewa nini?"

"Haipewi kitu."

Kasyoka alishusha mkono wa shati la mtoto, akafunga kifungo, akaingia ndani bila kuwakaribisha. Zilikuwa zimebaki nyumba kumi.