Fundo la Nyasi Njiani

Nicanor, mume wangu, alikuwa karani bandarini Kilindini, na kiburi chake kilimzidi kimo. Jumatatu ya Pasaka, mwaka 1944, alitaka tupande kilima cha kwetu, nyuma ya Changamwe, akazione kutoka juu manowari zilizotia nanga. Binti yetu Agneta tukamwacha kwa mama yangu.

Njia ile ya msituni si kali. Hata bibi mwenye mkongojo huimaliza. Tulipokaribia kilele nikaona nyasi zimefungwa fundo pande zote mbili za njia, na tawi bichi limelazwa katikati.

"Baba Agneta, hiyo ni alama ya mtego," nikamwambia. "Kuna wawindaji wametega nguruwe huko mbele. Tuzungukie kushoto."

"Uchawi wenu huo. Mimi ni Mkristo." Akayang'oa mafundo, akayakanyaga, akalitupa tawi.

Nikamshika mkono. Akanichapa bakora ya mdomo. Jino likatoka, nikalitema pamoja na damu. Haikuwa mara ya kwanza.

"Basi tangulia wewe," akasema, akinisukuma mgongoni kwa ncha ya bakora. "Kama mtego upo, utakunasa wewe kwanza."

Nilikwenda nikimuwaza mwanangu bila mama. Hatua kama thelathini mbele nikaiona kamba, rangi ya majani makavu, imekatiza njia chini ya goti. Nikapandisha leso niliyojifunga, nikaivuka kamba kama mtu anayevuka mzizi. Sikusema neno. Niliweza kusema, lakini nilikuwa na hasira ya miaka sita.

Yeye akaigonga kwa mguu, na uta uliotegwa kichakani ukafyatuka. Mshale ulimwingia pajani mpaka ukagota mfupa. Akanirukia, akanikaba koo, tukabiringika mibani. Nikamng'ata kidole mpaka damu yake ikanijaa kinywani. Kisha sumu ya mshale ikamfika moyoni, mikono yake ikalegea.

"Uliiona?" akauliza, povu likimtoka.

"Niliiona."

Akafa akinitazama.

Ngumbao, mwenye mtego, alikuja na wazee. Kwetu, mwindaji aliyeweka alama hadaiwi damu. Akaziokota nyasi zilizokanyagwa, akanigeukia.

"Nani aliyeng'oa hizi, dada?"

"Yeye mwenyewe."

"Sikio la kufa halisikii dawa," mzee mmoja akasema, na wenzake wakaitikia. Kesi ikaishia hapo.

Wakanipa pole, wakaniosha mdomo. Ningeulizwa, ningesema kweli yote. Hakuna aliyeniuliza nani kati yetu alitangulia.